Mbwa wa Jirani: Kutoka Karema hadi Mitaa ya Mpanda



Apitaye alfajiri katika mitaa ya Makanyagio, Kashaulili, Nsemulwa au Kawajense hakosi kukutana nao. Wamejikunja juu ya majivu ya jana mbele ya vibanda vya chipsi, wamelala chini ya meza za wauza samaki, au wanarandaranda kati ya jalala na uwanja wa shule. Ukiuliza mbwa huyu ni wa nani, mara nyingi utajibiwa kwa maneno mafupi: "Ni wa hapa hapa." Iko nyumba alimozaliwa, iko nyumba anakopewa ukoko wa ugali, na iko nyumba nyingine anayoilinda usiku ingawa haijawahi kumtupia hata mfupa. Watoto wa mtaa mzima wanamfahamu kwa jina. Lakini siku atakapomng'ata mmoja wao, jina hilo husahaulika ghafla, na mbwa wa watu wote hugeuka kuwa mbwa asiye na mwenyewe.

Tafakari ya juma hili inahusu siku hiyo. Napenda tuitazame kwa njia ya historia, kwa maana historia ya kichaa cha mbwa ni historia ya ujirani. Mahali majirani waliposhikamana, ugonjwa ulirudi nyuma. Mahali kila mtu alipojifungia ndani ya ua wake, uliendelea kuua.

Katika nchi hii yetu ya Katavi, mbwa hakuanza kuwa mnyama wa mjini. Kwa Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, ambao makazi yao yalizungukwa na miombo, mbwa alikuwa mwenzi wa mwindaji na mlinzi wa shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Baadaye walihamia wafugaji kutoka Usukumani, nao wakaja na mbwa wao nyuma ya ng'ombe. Katika sehemu nyingi za Tanzania bara mbwa amekuwa pia barua ya kimya kimya kati ya majirani. Mtu aliyeudhiwa alimpa mbwa wake jina kama "Watasema" au "Tutaona", ili kila amwitapo jioni ujumbe umfikie aliyekusudiwa upande wa pili wa ua. Hata ugomvi wetu, basi, tumewabebesha mbwa.

Sasa tuurudie mwaka 1885, mwaka ambao wakatoliki wa Katavi tunao sababu ya kuukumbuka. Miaka 6 kabla yake, Agosti 1879, Kapteni Cambier, Mbelgiji, alikuwa amefika Karema kando ya Ziwa Tanganyika na kuanzisha kituo cha jumuiya iliyoongozwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, na hapo ndipo ulipochipuka mti wa imani ambao matawi yake ni majimbo ya leo ya Sumbawanga na Mpanda.

Mwaka huohuo, mbali sana na Karema, kulitokea jambo jingine. Tarehe 4 Julai 1885, katika nchi ya Alsace, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aling'atwa na mbwa mwenye kichaa mara nyingi mikononi na miguuni. Mbwa yule hakuwa mbwa wa porini. Alikuwa na mwenyewe, muuza duka aitwaye Théodore Vone. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Julai, watu watatu walifika mjini Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur: mtoto, mama yake, na Vone mwenye mbwa. Pasteur alikuwa ametengeneza chanjo kutokana na uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, lakini alikuwa bado hajaithibitisha kwa wanadamu. Mtoto alichomwa sindano 13 kwa muda wa siku zipatazo 10, naye akapona. Vone mwenyewe alipokaguliwa alionekana kuwa meno ya mbwa hayakupenya nguo yake, akaruhusiwa kurudi nyumbani siku ileile.

Vitabu vingi humsifu Pasteur, na ni haki. Mimi ningeomba tumtazame kidogo huyo muuza duka. Mbwa wake ndiye aliyefanya maafa, na angeweza kukana, au kumzika mbwa usiku na kunyamaza. Badala yake alisafiri pamoja na mtoto wa watu na mama yake mpaka mlangoni pa tabibu. Alieleza mbwa alikuwa wa nani na alikuwa katika hali gani. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa iliyomwokoa mtoto ilitanguliwa na jirani aliyekubali kusema, "Mbwa ni wangu."

Kabla ya mwaka ule, watu wa Ulaya walikuwa na kimbilio gani? Wengi walimkimbilia Mtakatifu Hubert, Askofu wa Liège, aliyefariki mwaka 727 na ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Liège iko katika Ubelgiji ya leo, nchi ya Cambier. Kwa karne nyingi walioumwa na mbwa walifunga safari kwenda kwenye abasia yenye jina lake, na mahali pengi palitunzwa chuma kilichoitwa ufunguo wa Mtakatifu Hubert, ambacho kilipashwa moto na kuunguzia jeraha mara tu baada ya kung'atwa. Ilikuwa tiba ya maumivu makali, lakini haikukosa maana kabisa, kwa kuwa kuunguza jeraha mapema huweza kuua sehemu ya virusi. Leo kazi hiyo hufanywa na kitu ambacho kila nyumba inacho: sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 bila haraka, kabla ya kukimbilia hospitali.

Tujiulize sasa: kama mtoto wa Karema angeng'atwa mwaka uleule wa 1885, ingekuwaje? Dawa ilikuwa imepatikana ulimwenguni, lakini kati yake na mtoto huyo kulikuwa na bahari nzima na safari ya miezi kwa miguu kutoka pwani. Kichaa cha mbwa, kwa kawaida, hujitokeza miezi miwili au mitatu baada ya kung'atwa, na kikishajitokeza mgonjwa karibu hakosi kufa. Mauti yangefika kabla ya msafara. Hata Adrien Atiman asingekuwa na la kufanya ila kukesha pembeni mwa kitanda. Huyu Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889 na kuwahudumia wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Umbali huo ulianza kupungua reli ilipofika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulikuja kufungwa, lakini mji haukufungwa. Wachimbaji, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara, wakulima wa tumbaku, na baadaye wakimbizi kutoka Burundi waliopokelewa Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970, wote walichangia kuifanya Mpanda kuwa mahali pa kukutania. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 sensa ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi milioni 1.1. Nyumba zikiongezeka, mbwa nao huongezeka. Nao majirani hawafahamiani tena kwa ukoo. Huenda wamekutana mwaka jana tu kwenye bomba la maji.

Katika miji ya namna hii, tangu zama za ukoloni, jibu la wakubwa kwa mbwa koko lilikuwa risasi au sumu. Mbwa asiye na mkanda shingoni alihesabiwa kuwa hana haki ya kuishi. Jibu hilo lilionekana la busara: mbwa akipungua, ugonjwa nao upungue. Lakini historia imelikanusha, na ushahidi mmojawapo ulio wazi unatoka katika kisiwa ambacho wakazi wake wengi ni wakatoliki kama sisi, kisiwa cha Flores nchini Indonesia. Ugonjwa uliingia huko mwaka 1997 kwa mbwa wachache walioletwa na wavuvi. Wakuu wakaamuru mbwa wauawe, na katika mwaka 1998 waliuawa karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa, yaani karibu 300,000. Ugonjwa haukuisha. Kufikia mwaka 2003 watu zaidi ya 100 walikuwa wamefariki.

Sababu si ngumu kuielewa kwa mtu aishiye na majirani. Mwenye kumpenda mbwa wake, asikiapo kwamba wanakuja wenye bunduki, humficha, au humpeleka kwa shemeji kijiji cha pili, na ugonjwa husafiri naye. Aliyeuawa mbwa wake mlinzi hutafuta mtoto wa mbwa mwingine kabla ya mwezi kuisha, na huyo hana kinga yoyote. Tena bunduki haichagui: humwua aliyechanjwa na asiyechanjwa. Kumwua mbwa aliyechanjwa ni kubomoa ukuta uliokwisha kujengwa.

Jibu lililo bora lilitafutwa na kupatikana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika hapa hapa Tanzania. Pembezoni mwa Serengeti watu walikuwa wameona hasara kubwa. Makundi ya mbwa mwitu yalitoweka kufikia mwaka 1991, na kichaa cha mbwa kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyohusishwa na kutoweka huko. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi tuyasome maneno hayo mara mbili. Hapo watafiti, Watanzania na wageni, walianza kuwachanja mbwa wa vijijini na kufuatilia kila tukio la kung'atwa, nyumba kwa nyumba: mbwa gani alimng'ata nani, naye alitoka wapi. Waligundua kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mwingine mmoja na kidogo tu. Huo ni moto mdogo, usiohitaji bahari kuuzima. Na katika sehemu nyingi walizochunguza, mbwa walio wengi waliodhaniwa kuwa koko walikuwa na mwenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kuwashika na kuwapeleka kwenye chanjo.

Kipimo kinachotumika duniani leo ni hiki: wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, na zoezi likarudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hesabu hiyo yaweza kuwakumbusha wazee wetu mfumo wa balozi wa nyumba kumi ulioanzishwa katika miaka ya 1960. Chukua nyumba zako kumi. Wahesabu mbwa wake, na yule wa "hapa hapa" akiwamo. Amerika ya Kusini na ya Kati walifuata njia hiyo tangu miaka ya 1980, na mwaka 2019 Meksiko ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza iliyokomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Karibu nasi zaidi, kisiwa cha Pemba kilichanja mbwa wake katika miaka ya 2010 mpaka ugonjwa ukatoweka. Kisha ukaingia tena kutoka nje, kwa sababu bahari haimzuii mbwa aliyepakiwa chomboni. Wapemba wakachanja tena, ukaondoka tena. Fundisho lake ni kwamba kazi hii haifanywi mara moja na kusahaulika, kama vile ua usivyosukwa mara moja.

Duniani bado hufa watu wapatao 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, na katika kila 10 wapatao 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Ni watoto kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa, ndio wanaomrushia mawe, na ndio wanaoogopa kusema nyumbani kwamba wamekwaruzwa.

Turudi basi katika mitaa yetu. Ujirani mwema kuhusu mbwa tunao tayari, ingawa hatuupi jina hilo. Msimu wa mvua, familia inapohamia shambani kwa majuma mengi, ni jirani anayebaki kumtupia mbwa chakula na kuwafukuza kuku wasimalizie maji yake. Mbwa jike akizaa chini ya kontena, wako akina mama wanaompelekea uji kabla hawajajua watoto watagawiwa kwa nani. Vijana wa bodaboda wanamfahamu kila mbwa wa kijiweni na tabia zake. Hao wote ndio macho ya mtaa. Afisa mifugo ni mmoja na kata ni kubwa. Hawezi kujua kwamba mbwa mwekundu wa nyuma ya mashine ya kusaga hakuchanjwa mwaka huu. Wewe unajua.

Kwa hiyo siku ya chanjo inapotangazwa, tusimngoje mwenye mbwa peke yake. Bibi mzee hawezi kumburuta mbwa mwenye nguvu mpaka ofisi ya mtaa. Kijana wa nyumba ya pili anaweza. Mbwa asiye na wa kumpeleka huenda kwa yule anayemlisha, kwa hiyo yule anayemlisha ndiye atakayeweza kumfunga kamba bila kung'atwa. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970 kusudi Kanisa liishi katika ujirani, zinakutana kila juma nyumbani kwa mwanajumuiya. Haitapunguza utakatifu wa mkutano tukiuliza, baada ya sala ya mwisho, ni mbwa gani wa mtaa huu bado hajachanjwa.

Na mtoto aking'atwa? Osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku ileile, wala usingoje kuona kama atapata homa. Mbwa aliyemng'ata, ikiwezekana bila hatari, asiuawe kwa hasira, bali afungwe na kutazamwa kwa siku 10, na afisa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, familia itajua kwamba siku ile hakuwa na uwezo wa kuambukiza. Akiugua au kufa, daktari atajua pa kusimamia. Sindano za mtu pamoja na nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo mzito kwa nyumba nyingi. Mwenye mbwa anapaswa kuubeba pamoja nao, na majirani wachangie palipopungua, kama tunavyochangia msiba. Ni afadhali kuchangia sindano kuliko kuchangia sanda.

Najua liko swali: kwa nini tuhangaike na mbwa wakati watu wenyewe wana shida? Katekisimu ya Kanisa Katoliki hufundisha kwamba wanyama wanastahili kutendewa kwa wema, na papo hapo huonya tusiwatumie fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya wanadamu. Katika jambo hili mafundisho hayo mawili hayagombani. Chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu kuliko matibabu ya mtu mmoja aliyeng'atwa, na anayemchanja mbwa wa jirani anamkinga mtoto wake mwenyewe. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, na jiwe tunaloliona mkononi mwa mtoto akimlenga mbwa aliyelala ndilo mwanzo wa majeraha mengi.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Itakapofika mwaka huu, tusingoje gari lenye kipaza sauti lipite. Tuanze kwa kuuliza upande wa pili wa ua, kwa upole, hata kama mbwa wa huko anaitwa "Watasema": Jirani, huyu amechanjwa? Na kama hajachanjwa, tutoke pamoja, kamba moja, watu wawili.